Vyura wa Kihansi: data iliyofika baada ya zege

Mto Kihansi unaporomoka kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa, kusini mwa Tao la Mashariki, mfululizo wa milima ya kale ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Kabla ya bwawa kujengwa, wastani wa takribani mita za ujazo 16 za maji kwa sekunde ulipita katika korongo jembamba lenye mteremko mkali, na maji yalipogonga miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Kando ya maporomoko manyunyu hayo yalilisha vipande vichache vya ardhi oevu iliyofunikwa na zulia la Selaginella, mmea mdogo unaofanana na kuvumwani. Ukijumlisha vipande vyote unapata takribani hekta 2. Humo, na si kwingine kokote kunakojulikana duniani, aliishi chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis. Jike mkubwa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Anazaa vichanga vilivyokamilika, kila kimoja na urefu wa milimita 5 hivi.

Mteremko huohuo uliozaa manyunyu ndio uliowavutia wahandisi. Mporomoko wa takribani mita 850 ni hazina kwa umeme: bwawa dogo la mita 25 linatosha, maji yanaingizwa kwenye handaki, na mitambo iliyo chini inatoa megawati 180. Tanzania ya miaka ya 1990 ilikuwa ikiteseka kwa mgao wa umeme. Uhitaji ulikuwa wa kweli, na uchambuzi wowote wa kisa hiki unaoanza kwa kumfanya mhandisi adui wa chura hautamsaidia yeyote mwenye uamuzi kama huo mezani leo.

Chura aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari umeanza. Aliyemwona si mtathmini wa awali bali kazi ya ufuatiliaji wa mazingira iliyoambatana na mradi. Maelezo rasmi ya kisayansi ya Poynton, Howell, Clarke na Lovett yakatoka mwaka 1999. Mwaka uliofuata mitambo ilikuwa inafanya kazi na takribani asilimia 90 ya maji ya korongo yalikuwa yanapita handakini. Miaka minne tu inatenganisha siku chura alipoonekana mara ya kwanza na siku makazi yake yalipokauka. Hapo katikati mikopo ilishasainiwa, handaki lilishachimbwa na mitambo ilishaagizwa.

Mpaka wa uchunguzi ulichorwa wapi

Kosa kubwa lilitokea kwenye ramani. Tathmini ya awali haikuchunguza kwa kina ardhi oevu ya korongo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: hapakupangwa kujengwa kitu pale. Bwawa lilikuwa juu, kituo cha umeme chini, barabara pembeni, na kuteremka korongoni ni kazi ya kamba na miamba inayoteleza. Ukichora eneo la mradi kwa kufuata zege, korongo linabaki nje.

Athari hazifuati zege, zinafuata maji. Kwa mradi wa bwawa mpaka sahihi unaanzia pale maji yanapoanza kupungua na kuishia pale mto unapopata tena mtiririko wake wa asili, pamoja na kila kitu kinachoguswa na maji hayo, hewa yenye unyevu ikiwemo. Kwa mgodi mpaka unafuata vumbi, maji ya ardhini na barabara zitakazofunguliwa. Kwa shamba kubwa unafuata dawa zinazosombwa na mvua. Anayeandika hadidu za rejea za mtaalamu mshauri anapaswa kuanza na swali moja: ni kitu gani kitabadilika, na kitabadilika hadi umbali gani? Jibu ndilo linalochora mpaka, na ndani ya mpaka huo kila aina ya makazi inatembelewa, hata kama ni hekta 2 tu, na hasa kama ni hekta 2 tu.

Maana makazi madogo ya ajabu ndiyo yanayobeba spishi zisizopatikana kwingine. Chemchemi, pango, kilele chenye ukungu, mwamba wenye chumvi, maporomoko yenye manyunyu: mtaalamu yeyote wa Tao la Mashariki akiona kitu kama hicho kwenye ramani anapaswa kushtuka kabla hajashika wavu. Korongo la Kihansi lenyewe lilithibitisha hilo tena. Mti wa kahawa-pori wa hapo, Coffea kihansiensis, ulipata jina lake la kisayansi mwaka 2004.

Ramani za ofisini zingeonyesha nini

Tuseme kampuni leo inafanya uchujaji wa kwanza wa eneo kama hili kwa zana zilizopo: rekodi za GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya mahali viumbe vilipoonekana), Orodha Nyekundu ya spishi zilizo hatarini ya IUCN (Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile), ramani za Maeneo Muhimu ya Bioanuwai, na IBAT, zana inayounganisha Orodha Nyekundu na ramani hizo kwa ajili ya makampuni na wakopeshaji. Kazi hii ni ya siku chache na inafaa ifanywe kabla ya kuchagua eneo. Lakini inasomwaje?

Kabla ya 1996 rekodi za chura huyu zilikuwa sifuri. Sifuri ile haikumaanisha hayupo. Ilimaanisha hakuna aliyeteremka kumtafuta. Ndiyo maana ramani ya rekodi haitakiwi kusomwa peke yake. Inawekwa kando ya ramani ya juhudi: nani alifika hapa, lini, kwa mbinu gani, kwa saa ngapi. Pale juhudi ni sifuri, jibu sahihi la uchujaji ni "haijulikani", na "haijulikani" katika milima inayosifika kwa spishi za kipekee inahesabiwa kama hatari kubwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Nimeona ripoti nyingi ambamo neno hilo linageuka njiani: jedwali linaandika "hakuna rekodi", muhtasari unaandika "hakuna spishi za kuhofia", na waziri au bodi inasoma muhtasari.

Kuna tatizo la kipimo pia. IUCN hupima eneo linalokaliwa na spishi kwa gridi ya miraba ya kilomita 2 kwa 2. Mraba mmoja ni kilomita za mraba 4. Makazi halisi ya chura, hekta 2, ni kilomita za mraba 0.02. Mraba mdogo kuliko yote kwenye gridi ni mkubwa mara 200 kuliko nyumba yake. Ukihamisha barabara ya mradi mita 300 ndani ya mraba huo ramani haitaonyesha tofauti yoyote, ilhali ardhini tofauti ni uhai na kifo. Picha za setilaiti za Landsat, zenye pikseli ya mita 30, zingeyapa makazi yote pikseli zipatazo 22, nyingi zikiwa kwenye kivuli cha korongo au chini ya ukungu.

Halafu kuna makosa ya kawaida ya data yenyewe, yale yanayoonekana madogo. Korongo liko karibu na latitudo −8.58 na longitudo 35.85. Karani akisahau alama ya kutoa, chura anahamia magharibi mwa Ethiopia. Kielelezo cha zamani cha makumbusho kilichoandikwa "Udzungwa" bila zaidi kinaweza kuwa na kosa la kilomita kumi na zaidi. Kikiwekwa katikati ya milima kwenye ramani kinaonekana sahihi kabisa. Kwa hiyo safu ya usahihi wa mahali, kwa mita, ni ya lazima katika kila rekodi, na rekodi yenye kosa kubwa kuliko upana wa eneo la mradi haiwezi kutumika kusema spishi ipo au haipo ndani ya mpaka.

Kazi ya korongoni

Uchujaji ukishasema "haijulikani", kinachofuata ni miguu. Kwa makazi ya aina ya Kihansi ratiba ya chini kabisa ni miezi 12 mfululizo, ili ikamate masika, vuli na kiangazi. Ziara moja ya wiki mbili katika kiangazi ni sampuli ya kiangazi, si ya mahali. Vyura wanatafutwa usiku kwa tochi na mchana kwa kupekua mimea, kwa muda uliopimwa, ili matokeo yaandikwe kama idadi kwa saa-mtu, yaani saa moja ya mtu mmoja anayetafuta. Sauti zinarekodiwa, kwa kuwa dume asiyeonekana husikika. Kwenye zulia la mimea fremu za mraba zenye ukubwa uleule zinawekwa mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, siyo pale palipo rahisi kusimama. Fremu iliyokuta sifuri inaandikwa sifuri. Ikiachwa tupu, miaka mitano baadaye hakuna atakayejua kama palikaguliwa.

Unajuaje umetafuta vya kutosha? Chora mkunjo wa idadi ya spishi mpya dhidi ya siku za kazi. Kama mkunjo bado unapanda siku ya mwisho ya bajeti, ripoti iseme hivyo kwa ukurasa wa kwanza, na uamuzi uchukuliwe kama spishi zaidi zipo.

Kihansi ilihitaji kipimo kingine, na hiki ndicho ninachokihesabu kuwa pengo lililouma zaidi: uhusiano kati ya mtiririko na manyunyu. Manyunyu hayapungui sawasawa na maji. Matone yanatokana na nguvu ya maji yanapogonga mwamba. Ukipunguza mtiririko kwa nusu, manyunyu kwenye ukingo wa mbali yanaweza kutoweka kabisa. Uhusiano huo unapimika kwa vifaa vya kawaida: vikinga-mvua kwa umbali wa mita 5, 10, 20 na 40 kutoka maporomokoni, vipima unyevu na joto kando yake, na kituo cha kupima mto juu, kwa mwaka mzima wa mitiririko mikubwa na midogo. Mwishoni unapata jedwali linalosema mtiririko huu unalowesha eneo hili. Jedwali hilo haliwezi kupatikana kwa ukamilifu baada ya maji kuingia handakini.

Hesabu ambayo bodi ingeiona

Kwa jedwali kama lile mkononi, gharama ya kumwachia chura maji inahesabika. Mita moja ya ujazo kwa sekunde, mporomoko wa mita 850, ufanisi wa asilimia 85: 9.81 × 1 × 850 × 0.85 ni takribani kilowati 7,090, yaani megawati 7. Mtiririko wa mazingira uliokuja kuruhusiwa baadaye kupita korongoni ni kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde, sawa na megawati 10.6 hadi 14 kwenye kituo cha megawati 180.

Lakini hata hesabu hiyo inatia chumvi. Mitambo ikifanya kazi kwa uwezo wote inameza takribani mita za ujazo 25 kwa sekunde. Mto ukileta zaidi ya hapo wakati wa masika, ziada inapita juu ya bwawa bila kuzalisha chochote, na maji ya chura siku hizo hayana gharama. Gharama halisi iko kiangazi. Ndiyo sababu wastani wa mwaka hautoshi kwa uamuzi. Unahitaji mfululizo wa kila siku wa miaka mingi. Mjadala wa umma nchini ulizunguka swali la fedha nyingi kwa chura mdogo, na mara nyingi ulifanyika bila hesabu hii rahisi kuwekwa mbele ya watu.

Upande wa pili wa mizani una kipimo pia. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, vya toleo lililoanza kutumika mwaka 2012, pamoja na mwongozo wake wa 2019, vinaliita eneo makazi nyeti kama linabeba angalau asilimia 0.5 ya idadi yote duniani ya spishi iliyo hatarini au hatarini sana, likiwa na angalau vizio 5 vya uzazi (kizio kimoja ni idadi ndogo kabisa ya wakubwa wanaoweza kuzaliana), au asilimia 10 ya spishi yenye eneo dogo. Kihansi ilibeba asilimia 100. Viwango hivyo havikuwepo wakati wa uamuzi, ila leo yeyote anayeomba mkopo kwa benki zinazovifuata atakutana navyo. Katika hali ya asilimia 100 ngazi ya hatua (kuepuka, kupunguza, kisha kufidia) inakatika: fidia ya bioanuwai mahali pengine haiwezekani, kwa kuwa hakuna mahali pengine. Zinabaki kuepuka na kupunguza, na zote mbili ni rahisi kabla ya handaki na ghali baada yake.

Baada ya maji kukatwa

Ardhi oevu ilianza kukauka. Mimea ya nchi kavu ikaingia, siafu nao wakaingia. Hatua mbili za dharura zilichukuliwa. Desemba 2000 vyura 499 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Na korongoni viliwekwa vinyunyizio kwenye vipande vitatu vya ardhi oevu, maji yakishuka kwa mteremko wenyewe kupitia mabomba hadi kwenye pua zinazotoa matone madogo. Vilisaidia. Hesabu zikapanda tena, na katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kuwa takribani 20,000.

Januari 2004 walionekana vyura 3, na madume 2 yalisikika yakiita.

Katika miezi hiyo michache mambo matatu yalikuwa yamekutana. Vinyunyizio viliharibika. Bwawa lilifunguliwa kusafishwa kipindi cha ukame, na tope lililoteremka lilihofiwa kubeba viuatilifu kutoka mashamba ya juu. Na kuvu ya chytridi, Batrachochytrium dendrobatidis, inayoshambulia ngozi ya vyura, ilithibitishwa kwa vyura waliokufa. Lipi liliua? Swali hilo halikujibika kwa ufuatiliaji uliokuwepo, kwa kuwa ufuatiliaji ulihesabu vyura bila kupima mfululizo vitu vinavyoua vyura. Hesabu ya idadi inakwambia kwamba wanakufa. Haikwambii kwa nini, na mara nyingi inakwambia ukiwa umechelewa.

Jibu zuri zaidi lilikuja miaka mingi baadaye kutoka kwenye chupa: vielelezo vilivyokusanywa na kuhifadhiwa vilichunguzwa upya, na vikaonyesha kwamba kuvu ilijitokeza wakati uleule wa anguko. Vielelezo vilivyoonekana ni kazi ya kuainisha spishi tu vikawa kumbukumbu ya ugonjwa. Mradi unaokusanya sampuli unapaswa kulipia pia rafu ya kuzihifadhi, kwenye makumbusho au chuo kikuu, kwa miaka mingi kuliko mkataba wa mshauri.

Orodha ya kufuatilia ingekuwaje? Vipimo vya ngozi kwa pamba kila msimu, kuanzia siku ya kwanza, ili ijulikane kuvu haikuwepo. Sampuli ya tope na maji kabla ya kila ufunguaji wa bwawa. Kipimo cha shinikizo kwenye kila bomba la vinyunyizio, chenye kengele, maana pua zinaziba kwa mchanga na majani na bomba moja lililopasuka linakausha kipande kizima kwa siku mbili. Na usafi wa watafiti wenyewe: buti zinasuguliwa matope yote kwanza, ndipo zinachovywa kwenye dawa ya klorini, kwa kuwa klorini haiui kilichofunikwa na udongo. Anayehesabu vyura anaweza kuwaletea ugonjwa.

Waliobaki walikuwa ng'ambo. Huko nako mambo yalikuwa magumu: kufikia mwisho wa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70, hadi mahitaji yao ya mwanga, unyevu na chakula yalipoeleweka. Bustani za Bronx na Toledo zikafaulu kuwazalisha. Mwaka 2009 IUCN ikamtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini. Agosti 2010 vyura 100 walirudi Tanzania, kwenye kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 majaribio ya kuwarudisha korongoni yakaanza. Kwa chura aliyekuwa ametangazwa kutoweka porini hilo ni jambo kubwa, na waliolifanikisha wanastahili heshima.

Kuifunga data kwenye uamuzi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya 2004 iliufanya utaratibu wa tathmini kuwa wa lazima kwa miradi mikubwa nchini, na sheria ya maji ya 2009 ikayapa mazingira nafasi katika mgawanyo wa maji. Hilo lilirekebisha mengi. Linalobaki kuwa dhaifu, hapa na kwingineko, ni kiungo kati ya kipimo na hatua. Ripoti inasema "ufuatiliaji utaendelea" na haisemi nani atafanya nini namba ikishuka.

Cheti au kibali cha maji kinaweza kuandikwa kwa namna isiyoacha mwanya. Kinataja mtiririko wa chini kwa msimu, kwa mita za ujazo kwa sekunde, unaopimwa kila saa na kituo kilicho chini ya lango la bwawa, data ikimfikia msimamizi wa bonde moja kwa moja bila kupitia kwa mwendeshaji. Kinataja kizingiti cha kibiolojia: kwa mfano, wastani wa vyura kwa fremu ukishuka kwa theluthi kati ya hesabu mbili zinazofuatana, mwendeshaji anafungua lango hadi kiwango kilichotajwa ndani ya saa 24, kabla sababu haijajulikana, na uchunguzi unafuata. Kinakataza kusafisha bwawa bila matokeo ya maabara ya tope. Kinasema data zote za spishi zitachapishwa GBIF ndani ya mwaka mmoja, zikiwa na tarehe, mbinu, juhudi na sifuri zake, huku mahali penye spishi inayowindwa pakifichwa kwa kupunguza usahihi wa ramani.

Halafu kinataja cheo cha mtu anayeshika ufunguo wa lango usiku wa Jumapili, na namba atakayopigiwa kipimo kikianguka.